Mkono Baridi wa Mwanvua

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimezaliwa Rumonge, kando ya ziwa, mtaa wa Waswahili, nimeuza ndagala, dagaa wa kwetu, sokoni tangu sijavunja ungo, na vita vilipoingia nimeona mambo ambayo mtu akishayaona macho yake hayapanuki tena kwa upuuzi. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilisimama mbele ya kichupa kidogo cha kioo nikatokwa na machozi kwa kustaajabu, usinicheke. Au cheka, lakini sikiliza kwanza.

Kichupa hicho kilihusu mkono wa mke mwenzangu.

Jina lake Mwanvua. Shabani, mume wetu, alimtoa Kabonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, akaniletea nyumbani kama mtu anayeleta kitambaa kipya. "Asiya, tazama," akasema. Nikatazama. Niliona msichana mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu, na vidole hivyo vilijua kuchora hina kuliko vya mtu yeyote niliyewahi kumwona. Haukupita muda, hapakuwa na bibi harusi Rumonge wala Gatete aliyekwenda kwa mumewe bila kupita mikononi mwa Mwanvua. Wanawake wote wa mtaa wakachorwa. Mimi nilitangaza mbele ya watu kwamba mkono ule hautanigusa, na haukunigusa.

Tena ulikuwa mkono wa ajabu, kwa sababu ulikuwa baridi. Asubuhi za upepo vidole vilimgeuka vyeupe, halafu vikawa na rangi ya wino, halafu vikarudi vyekundu vikimuuma. Mimi nikimwona namwambia, "Haya, mkono wa samaki umeamka." Kisha ukamtoka wekundu mashavuni, shavu hadi shavu kupitia juu ya pua, na jua likimpiga unakolea. Magoti yakavimba. Mimba zikaharibika, moja baada ya nyingine. Hapo nikaacha kumcheka. Sina moyo wa jiwe mimi, nina ulimi tu.

Aliyeujua ugonjwa huo ni Daktari Akonkwa, Mshi wa Bukavu, aliyekimbia vita vya kwao akaangukia kwenye vyetu. Alikuwa na hospitali yake Bujumbura, lakini msafara ukipatikana alikuja Rumonge kutibu. Alisema unaitwa lupus. Nikamuuliza lupus ni mdudu gani.

"Hapana mdudu, Mama Aziza," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Mwili ya mutu iko na maaskari yake ndani. Kazi yao kufukuza magonjwa. Sasa ya Mwanvua wameasi, wako wanapiga raia ya kwao."

"Dokta," nikamwambia, "hapo usieleze zaidi. Sisi ni Warundi."

Akacheka mpaka akavua miwani. Akampa vidonge vya kuwatuliza wale askari, prednisone, pamoja na kloroquine, ile ile ya malaria. Akatuonya: askari wakitulia, raia wanapumua, lakini na mwizi naye anapata nafasi. Tukaitikia, murakoze, murakoze, asante asante, kama watu wanavyomwitikia daktari. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Cha Mwanvua kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Mwizi aliingia mwaka wa elfu mbili, na aliingia kwa mlango wa jikoni. Shabani alileta sangala mkubwa, Mwanvua akakaa kumparua, mwiba wa mgongoni ukamchoma kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Sasa hilo nalo ni jambo? Ukikaa kando ya ziwa, samaki hukuchoma. Unanyonya damu, unatema, unaendelea na kazi. Alinyonya, akatema, akaendelea. Jeraha likafunga, na Shabani akapakia mapipa ya mawese kwenye mashua akavuka kwenda Kigoma.

Wiki zikapita. Pale kidoleni pakatokea uvimbe kama punje ya harage, rangi ya zambarau. Haukumuuma sana. Ukaja wa pili mgongoni mwa kiganja, wa tatu kwenye kifundo, kisha mwingine na mwingine juu ya mkono, umepangana kwenye mstari mmoja kama nyayo za mtu anayepanda kilima bila haraka. Mingine ikapasuka ikatoa maji mazito. Na homa hakuwa nayo hata kidogo, jambo lililotutia hofu zaidi.

Kwetu, kinachowaka hupozwa. Na cha kupozea ni hina. Hakuna mwanamke wa Kiswahili asiyejua hilo. Kichwa kikigonga, hina utosini. Nyayo zikiwaka, hina nyayoni. Mwanvua akatwanga majani yake mwenyewe, akayakoroga kwa maji ya mtungi, akajipaka tangu kidole hadi karibu na kiwiko, akafunga kwa jani la mgomba lililolowa. Halafu akakaa barazani mkono ukipigwa na upepo wa ziwa. Alisema anasikia raha. Wanawake wa mtaa wakapita wakamsifu, wengine wakamletea majani zaidi. Kila jioni hina, kila jioni ubaridi, na kila nilipomfungua asubuhi ile mivimbe ilikuwa imeongezeka.

Mtaa ukapata jibu kabla yetu. Jibu lilikuwa mke mkubwa. Nani mwingine? Si ndiye aliyesema mkono ule hautamgusa? Wateja wangu wakaanza kununua ndagala meza ya pili. Jirani yangu mmoja akanijia sokoni mbele ya watu, akaniambia kwa sauti ya huruma, "Asiya, fungua kile ulifunga. Mutoto ya watu anaoza." Nikammwagia beseni zima la ndagala kichwani. Sijuti, ila ndagala zilikuwa nzuri.

Basi nikamchukua Mwanvua tukaenda Bujumbura. Barabara ya kando ya ziwa haikupitika siku hizo ila kwa msafara, wanajeshi mbele na wanajeshi nyuma. Karibu na Magara risasi zikalia kutoka mlimani, tukalala chini ya viti vya basi, na mimi nikajikuta nimeukumbatia ule mkono wake uliofungwa ili watu wasiukanyage. Tukafikia mtaa wa Buyenzi kwa shangazi yake Shabani, na kesho yake tukawa hospitali.

Daktari Akonkwa aliutazama ule mstari wa mivimbe muda mrefu. Akakata kipande kidogo cha nyama, akampa Elda, mama wa laboratwari, mwanamke mnene mtaratibu aliyesalimia kila mtu "amahoro" hata akiwa anamchoma sindano. Elda akakipanda kile kipande kwenye vichupa vyenye chakula cha kijani kilichopikwa kwa mayai. Ndiyo, vidudu hupandwa kama mchicha, nami nilikuwa sijui. Akavifungia kwenye kabati la moto, moto wa kadiri ya mwili wa mtu, maana vidudu vinavyokula watu, alisema, hupenda joto la watu.

Tukangoja. Vichupa vikabaki vitupu. Mwanvua akachomwa sindano za kila aina, na mivimbe ikapanda tu. Ndipo akaja daktari mpasuaji, mtu wa maneno machache, akasema hawajui ni kitu gani, na kwa mtu ambaye askari wake wa mwili wamelazwa kwa dawa, kitu kisichojulikana hakingojewi. Kikivuka kiwiko kitafika begani, kikifika begani kitaingia kwenye damu. Mkono ukatwe juu ya kiwiko. Akaomba neno la mume.

Mume alikuwa Kigoma. Jeshi lilikuwa limefunga ziwa, na hatukujua hata kama yu hai.

"Basi nani mukubwa wa familia hapa?" akauliza.

Mwanvua akanitazama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia mapajani, ule mkono uliowapamba mabibi harusi wa nusu ya Rumonge. "Sema wewe, Dada," akaniambia. "Mimi siwezi."

Hebu jiweke mahali pangu. Nikisema ukatwe, mtaa mzima utasema Asiya amemaliza kazi yake. Nikisema usikatwe naye akafa, mtaa utasema hivyo hivyo. Lakini Mungu ni shahidi, wakati ule sikuwaza mtaa. Niliwaza kwamba mkono upo mwingine na Mwanvua yupo mmoja.

"Kateni," nikasema. Na leo ukiniuliza nitasema vile vile.

Mwanvua akageukia ukutani. Hakulia; afadhali angelia. Tangu saa hiyo akala kwa mkono wake wa kushoto chakula nilichompa, akanywa maji niliyomshikia, na hakusema nami neno.

Jioni hiyo hiyo umeme ukakatika. Nguzo zimeangushwa milimani, watu wakasema, na fundi hawezi kupanda kule. Hospitali ikabaki na jenereta moja na mafuta ya kubabaisha, nayo yakawekewa waliopigwa risasi, kwa haki yao. Kukatwa kwa Mwanvua kukaahirishwa, kukaahirishwa tena. Mimi nikawa nazunguka ukumbini nikilaani: nalaani giza, nalaani waasi, nalaani jeshi, nalaani mafuta. Niliuona ule mstari umebakiza upana wa vidole viwili kufika kiwiko. Nilijua kila siku ya giza ni siku ya kumpoteza.

Asubuhi moja Elda akaja mwenyewe wodini, na utaratibu wake wote umemtoka. Alikuwa anahema. "Mama Aziza, muje. Na mugonjwa aje. Muje muone kitu."

Laboratwari ilikuwa chumba cha madirisha makubwa. Daktari Akonkwa alikuwa ameshafika, ameinama mezani kama mtu anayesoma. Kabati la moto lilikuwa wazi, limekufa kwa kukosa umeme. Elda akatueleza: vile vichupa vilikaa humo gizani vikapoa pamoja na kabati, vikapata ubaridi wa chumba kama sisi sote. Naye alipovitoa ili avimwage avioshe, akakuta juu ya kile chakula cha kijani pameota vilima vidogo vyeupe. Katika joto havikuota. Vimeota katika baridi.

"Ngojeni," akasema. "Hiyo haiko yote."

Kichupa kimoja alikuwa amekivisha nusu kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akakiacha dirishani tangu jana. Akakileta mbele ya macho yetu, akaivua ile karatasi polepole. Nusu iliyofunikwa ilikuwa nyeupe kama maziwa. Nusu iliyoona mwanga ilikuwa njano, njano ya kiini cha yai, njano iliyoiva, na mpaka kati ya rangi hizo ulikuwa umenyooka pale pale karatasi ilipoishia.

"Kimeona jua," Elda akanong'ona, kana kwamba analitaja jina la mtoto.

Nikasema Subhanallah. Kitu kidogo kuliko chembe ya vumbi, kisicho na jicho wala uso, kimelala gizani na rangi yake tumboni, kinangoja mwanga kiivae. Machozi yakanitoka, na sikujua ninamlilia nani.

Daktari Akonkwa naye alikuwa na macho ya mtoto siku hiyo. Alisema amekisoma chuoni, hakuwahi kukiona. Ni ndugu ya kifua kikuu, lakini ndugu wa majini. Kinaishi kwenye maji na katika samaki, na samaki hawana damu ya moto. Ndani kabisa ya mwili wa mtu kinaungua. Kinachokiweka hai kwa mtu ni pembeni tu, vidole na mikono na miguu, mahali ambapo joto la mwili halifiki sawasawa. Ndiyo maana Mwanvua hakuwa na homa, na ndiyo maana kilikuwa kinatambaa na mkono, hakijaruka kifuani.

"Kinapenda penye baridi," akasema.

Nikamtazama Mwanvua, naye alikuwa anautazama mkono wake.

"Hina," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu siku ile.

Daktari hakuelewa. Nikamweleza mimi: maji ya mtungi, jani la mgomba, upepo wa baraza, kila jioni ya Mungu. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Eh, bamama ya Rumonge! Mulikuwa munakilisha!" Kisha akatazama lile kabati lililokufa, uso ukamwanguka. "Na sisi huku," akasema taratibu, "tulikuwa tunakiunguza, tunasema hakuna kitu."

Hakuna aliyemcheka mwenzake. Nyumba yetu ilikilea kwa baridi, na hospitali ilikinyamazisha kwa moto kabla hakijasema jina lake. Walioamua kati yetu ni watu wasiotujua, walioangusha nguzo mlimani kwa sababu zao. Mimi niliyewalaani usiku na mchana sikujua niwaweke wapi moyoni mwangu, na mpaka leo sijui. Siwashukuru. Lakini nikifikiri kwamba taa zingewaka siku ile Mwanvua angeamka hana mkono, nywele zinanisimama.

Nikawaza ziwa letu. Tunakunywa humo, tunaoga humo, tunakula humo, na kiumbe hiki kilikuwamo siku zote, hakina vita na mtu, kinaogopa hata damu yetu. Mwiba mmoja ukakitia katika mkono baridi kama wa samaki, kikadhani kimefika nyumbani.

"Mkono wa samaki," Mwanvua akasema, kama aliyesikia mawazo yangu. "Dada alikwisha kusema zamani, nyinyi munasumbukia vichupa." Akacheka. Akacheka mpaka Elda naye akacheka, na mimi nikacheka huku nalia, na mpasuaji akachungulia mlangoni akadhani tumerukwa na akili.

Hakukatwa. Walimpa dawa mbili za kifua kikuu za kumeza miezi na miezi, wakapunguza ile prednisone kidogo kidogo ili askari waamke bila kuasi upya, wakaiacha kloroquine iendelee kuwashika. Dawa moja ilimgeuza mkojo ukawa rangi ya mawese, nikamwambia sasa tumepata biashara. Na Daktari Akonkwa akatoa amri moja aliyoirudia mpaka nikachoka: mkono upate moto. Maji ya ziwa marufuku, hina marufuku, upepo marufuku.

Tukarudi Rumonge na msafara. Nikawa nawasha mbabula, jiko la makaa, alfajiri, napasha vitambaa, namfunga. Lakini makaa yalitoka milimani, na milima ilikuwa haiendeki. Kuna majuma hata gunia moja halikushuka. Siku hizo nilimkalisha barazani, nikaushika ule mkono katikati ya viganja vyangu, nikausugua, nikaupulizia pumzi, ukizidi kuwa mweupe nikautia kwapani mwangu. Pamoja na vidonda vyake. Wateja walipita, jirani yangu wa ndagala naye akapita, akatazama chini. Taratibu mivimbe ikanywea, mmoja mmoja, ya juu kwanza, kama yule mtu wa kilimani ameamua kushuka. Kila mmoja uliacha kovu la duara.

Ziwa lilipofunguliwa Shabani akarudi. Akatukuta barazani hivyo, mkono wa mke mdogo kwapani mwa mke mkubwa. Akasimama na mizigo yake. "Haya ni nini?"

"Kaa kimya," nikamwambia. "Tuko kazini."

Binti yangu Aziza aliolewa mwaka uliofuata, baada ya daktari kusema dawa zimetosha na hina anaweza kuishika tena, mradi ikorogwe kwa maji ya uvuguvugu. Mwanvua akamchora mchana kutwa. Kidole cha shahada hakikukunjika vizuri kama zamani, mstari ukawa na mtetemo kidogo, na watu wakadhani ni mtindo mpya wa Kigoma. Alipomaliza, wanawake wamejaa chumbani, akageuka akakaa mbele yangu na bakuli lake. Alinyoosha mkono wake wa kulia, ule wenye makovu yamepangana hadi karibu na kiwiko, ule niliosema hautanigusa, ule niliosema ukatwe.

Nikampa mkono wangu.

Vidole vyake vikanishika, na vilikuwa baridi. Nikauacha mkono wangu ugeuke wenyewe, nikamshika yeye, nikaufunika mkono wake kwa viganja vyangu viwili na kuanza kuupulizia.

"Dada, niachie," akasema. "Hina itakauka."

"Ikauke," nikamwambia.